Watoto Saba wa Anastazia

Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa Makorora, jamaa mlioshuka kutoka Mlalo tangu juzi, Mzee Burhanuddin na wote wa ofisini kwake, wakubwa shikamooni, na wengine poleni kwa msiba huu ulio wetu sote, inayosomwa sasa ni historia ya Anastazia Ernesti, Dada Nasta, na anayeisoma ni Zabron, mdogo wake wa tumbo moja, fundi ujenzi, ambaye familia imempa kazi hii kwa sababu ana sauti kubwa, wala si kwa sababu anaelewa kila anachokisoma.

Kabla ya yote, karatasi mliyogawiwa pale langoni inasema, kwenye mstari wa kumi na moja, kwamba marehemu ameacha watoto saba, na Zabron ameona tangu asubuhi jinsi watu wanavyofika kwenye mstari huo, wanasimama, wanarudi juu kusoma jina upya, kisha wanatazamana, maana mtaa mzima unajua Nasta hakuolewa wala hakuonekana na ujauzito hata siku moja. Familia inaomba subira. Mstari huo utafikiwa, na walioubishania nyumbani walichanganyikiwa kuliko mnavyochanganyikiwa ninyi hapa mlipokaa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Septemba 1986, katika zahanati ya shamba la mkonge upande wa Muheza, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Ernesti, aliyekuwa mfanyakazi wa mashine ya kusindika mkonge, na Mama Bertha, huyu aliyekaa mbele yenu, na akabatizwa tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema mwaka 1990, na mwezi mwingine kabisa, kwa sababu baba yetu alikwenda kuandikisha watoto wake wote wawili siku moja, na karani aliyekuwa na haraka zake akawaandikia tarehe moja, ya Zabron, kwa hiyo kwa karatasi za serikali Nasta na mdogo wake ni mapacha, ingawa wakati Zabron anazaliwa Nasta alikuwa tayari anatumwa dukani. Jambo hili lilimkera Nasta maisha yake yote. Alikuwa akisema mtu akikosea kuandika kitu siku ya kwanza, wengine watakisoma hivyohivyo miaka hamsini.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1994 katika shule ya msingi ya shambani, akamaliza mwaka 2000, akachaguliwa kujiunga na sekondari hapa Tanga mjini, akakaa Nguvumali kwa shangazi kuanzia Januari 2001 hadi Novemba 2004, na baada ya hapo akasomea uhazili kwa miaka miwili, akarudi Tanga mwaka 2007 na kuajiriwa katika stesheneri moja hapahapa Makorora, ambako wengi wenu alikuchapieni barua, maombi ya kazi na hata kadi za harusi, na waliopeleka kazi zao pale wanakumbuka jinsi alivyokuwa akimrudisha mtu mara tatu kuulizia mkato mmoja.

Baba alifariki mwaka 2011, na mwaka uliofuata Zabron akamjengea Mama nyumba, ile mnayoiona nyuma ya turubai, akaijenga kwa macho bila ramani, kama alivyozoea, na linta zilipokwisha kufungwa ndipo ikagundulika kwamba chumba cha tatu hakikuwekwa mlango. Hakuna haja ya kucheka sana. Ukuta ulikwisha pigwa lipu, saruji ilikuwa imekwisha, na mpaka leo kuni na magunia ya mkaa huingizwa chumba kile kwa dirishani, na Nasta hakuacha kulisema jambo hilo mbele ya wageni.

Sasa kazi. Hapa ndipo Zabron aliposhika kalamu tangu Jumatano asubuhi na asiandike kitu. Tarehe 3 Juni 2013, siku ya Jumatatu, marehemu aliajiriwa na Mzee Burhanuddin kuwa mwandishi wa mihutasari ya vikao katika kampuni yake ya kutengeneza programu za simu na kompyuta, iliyoko ghorofani juu ya duka lake la taa na nyaya, na huko aliwakuta vijana hodari, lakini kila mmoja na lake, huyu kaweka kitufe juu, yule kakiweka chini, wa tatu kakificha kabisa, na ukiwauliza kwa nini, wanaitana wabishi. Nasta akaanza kuandika. Aliandika ukurasa upi unatangulia, upi unakaa ndani ya upi, kila ukurasa unajua nini na haupaswi kujua nini, mtu akibonyeza hapa anapelekwa wapi, na juu ya yote aliandika sababu, nani aliamua na siku gani, na alisisitiza yote yaandikwe kwa Kiswahili ili wauguzi na watu wa kawaida watakaoitumia programu waweze kuisoma michoro na kuipinga mapema. Baada ya miaka miwili, anasema Mzee Burhanuddin, hakuna kijana aliyethubutu kugusa kompyuta kabla Nasta hajachora.

Mwaka 2016 alipewa barua yenye cheo kipya, Msanifu wa Mwonekano, na barua hiyo alipoionyesha nyumbani, wanawake watatu wa mtaa huu, majina yao tunayo, walikuja Jumamosi yake na nywele zao, wakidhani kafungua saluni. Zabron mwenyewe alikuwa akiulizwa kijiweni dada yako anafanya nini, anajibu mambo ya kompyuta, anabadilisha mazungumzo. Siku moja alimuuliza Nasta moja kwa moja. Nasta akamwambia kazi yake ni ramani ya nyumba ambayo watu wataiingia kwa kidole gumba, Zabron akajibu kwamba ramani ni za watu wasiojua kujenga, naye Nasta hakubishana, alinyoosha tu mkono kukionyesha chumba cha tatu.

Kazi yake kubwa ilianza mwaka 2022, programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha na kisukari siku zao za kliniki na saa zao za dawa, na wengi hamkujua kwamba kazi ile ilianzia kwenye kibaraza hiki. Mama anasumbuliwa na presha, na simu aliyonunuliwa alikuwa akiiogopa kama pasi ya moto, akiigusa kidogo na kuurudisha mkono, na kila kilipobadilika kitu kwenye kioo alimgeukia binti yake akauliza, "Nimeharibu?" Jioni baada ya chai Nasta alikaa pembeni yake na daftari, hamwelekezi, hamsaidii, anatazama tu kile kidole kinakokwenda, na Zabron akamwona ni mtoto asiye na huruma. Mama akiuliza, Nasta alijibu maneno yaleyale kila siku, "Hujaharibu kitu, Mama," kisha akaandika.

Kuhusu ndoa, marehemu hakufunga. Mwaka 2014 alichumbiwa, na familia imekubaliana kuishia hapo.

Desturi ingetaka watoto wafuate sasa, lakini habari ya watoto hawa inaanzia baada ya kifo, kwa hiyo mtasamehe, Zabron anaruka kwenda kwenye ugonjwa. Marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo mwezi Agosti 2024, akatumia dawa za vidonda vya tumbo bila nafuu, tarehe 18 Novemba akafanyiwa vipimo katika hospitali ya mkoa na ikagundulika ana saratani ya kongosho iliyokwisha sambaa, na kuanzia hapo alitibiwa kwa kulazwa na kurudi nyumbani, akilazwa anaagiza daftari, akirudi anaagiza daftari, mpaka Zabron akagombana naye, akamwambia aache kazi za watu apumzike. Alijibu kwamba anayekuja baada yake asije akapapasa gizani. Zabron alidhani anazungumzia mambo ya roho, akaitikia amina. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane na miezi mitano, kwa tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa siku ya ubatizo, wala si kwa ile ya cheti.

Jumatano, siku moja baada ya kifo, familia ilifungua sanduku lake kutafuta vyeti ili historia hii ipate tarehe, na vyeti vikaonekana, lakini chini yake kulikuwa na daftari nene lenye jalada jeusi, na Baba mdogo Noa, mdogo wake marehemu baba yetu, akalifungua katikati na kuanza kusoma kwa sauti mbele ya wanafamilia wote. Kulikuwa kumeandikwa, kwa mwandiko wa Nasta usio na shaka, kwamba mzazi ni mmoja na watoto ni saba, wasizidi. Wa kwanza na wa pili wako Pangani. Wa nne na wa tano wako Nguvumali. Wa sita na wa saba wako hapa Makorora. Wa tatu bado analelewa na Farhana. Watoto wasiwasiliane wao kwa wao bila kupitia kwa mzazi. Mtoto asijue siri za mzazi.

Jamani. Hata waliokuwa wanamenya vitunguu uani waliacha. Shangazi alianza kuhesabu miaka kwa vidole, ile miwili ya uhazili, ile mikutano ya kazi aliyokuwa akiaga kwenda Pangani, Baba mdogo Noa akasema sasa anaelewa kwa nini binti yule hakuolewa, na Zabron, aliyelala nyumba moja na dada yake miaka kumi na miwili, alijiuliza alikuwa anaangalia nini. Aliyekuwa tofauti ni Mama. Kila mtu alitarajia aangue kilio kwa aibu, lakini aliinuka mkekani, alikokuwa hajainuka tangu jana yake, akauliza watoto wamekula nini muda wote huo, na nani anawaambia mama yao amefariki.

Baba mdogo Noa hakungoja chai. Alipanda basi la Pangani mchana huohuo, akavuka kivuko, akafika katika zahanati iliyotajwa pembeni ya namba ya mtoto wa kwanza, akamkuta muuguzi anayeitwa Ritha, akamuuliza watoto wa Anastazia wako wapi, na muuguzi yule, ambaye naye alikuwa amechanganywa na taarifa za msiba, alimjibu kwa upole kwamba wote wawili wapo, wanafanya kazi vizuri tangu Januari, wa pili alikuwa anagandaganda mwanzoni lakini siku hizi hana tatizo, na wagonjwa wanampenda. Baba mdogo alipiga simu nyumbani akifoka kwamba wajukuu wa kaka yake wameajiriwa zahanati wakiwa wadogo, na kwamba mmoja ana maradhi ya kukakamaa. Hakuomba kuwaona, alitoka kwa hasira, na kesho yake asubuhi akapitia stesheneri akachapisha karatasi mia moja na hamsini zenye mstari wa kumi na moja.

Huku nyumbani Zabron alikuwa ameipata namba ya Farhana, binti wa ofisini kwa Mzee Burhanuddin, ambaye familia ilimfahamu kwa jina tu, akampigia, Mama akiwa ameegemea bega lake asikie, akamuuliza kama mtoto wa tatu wa Nasta yuko kwake. Farhana alikuwa analia tangu kabla ya kupokea.

"Yuko kwangu, kaka Zabron," alisema, "lakini bado hajakamilika."

Mama alilisikia neno hilo. Akasema hata kama hajakamilika aletwe hivyohivyo alivyo, kwani hata Zabron hakuwa amekamilika. Kisha akatoka akaomba majirani wapike uji mwepesi, akafua kanga mbili, akamwamuru Zabron atandike godoro dogo chini ya dirisha, na tangu Jumanne, hiyo ndiyo mara ya kwanza alipomeza tonge. Zabron anaomba msimame kidogo hapo pamoja naye. Mama yake alikuwa na furaha. Aliteremsha kutoka ukutani picha ya Nasta ya kipaimara, akaipangusa, akaiweka pale ambapo mtoto angeiona akiamka.

Farhana alifika Alhamisi saa tisa alasiri, akiwa na begi begani, peke yake. Aliwapa watu mkono, akapiga magoti kumsalimia Mama, na Mama akaitikia marahaba huku macho yake yakiangalia nyuma ya Farhana, mlangoni, akasubiri, akaangalia tena. Farhana mwenyewe, alipoliona godoro, bakuli la uji na kanga zilizokunjwa, alitazama huku na huku, na Zabron alimwona anavyoelewa kidogo kidogo.

Alikaa mkekani, akatoa kompyuta mpakato kwenye begi, akaeleza kwa sauti ya chini kabisa, na hapa Zabron anaeleza alivyoelewa, wa ofisini mtamrekebisha. Programu ina ukurasa mkuu mmoja uliozibeba kurasa nyingine ndani yake, na katika lugha ya kazi yao unaobeba huitwa mzazi na unaobebwa huitwa mtoto. Kurasa mbili zilikuwa zinajaribiwa Pangani, mbili Nguvumali, mbili hapa, na moja, ya tatu, Farhana alikuwa bado anaijenga. Hapakuwa na watoto. Palikuwa na michoro ya Nasta, na maelezo yake, kurasa mia mbili na kumi na nne za daftari.

Mama hakulia. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua bei, ni kweli hakuna hata mmoja. Farhana akasema hakuna, Mama. Baba mdogo Noa, aliyekuwa ameingia na furushi la karatasi zake, alirudi kinyumenyume mpaka uani.

Ndipo Mama akasema asomewe daftari, kama si watoto basi ajue ni nini binti yake alikuwa anaandika pembeni yake miaka yote ile. Farhana akasoma. Alisoma pale palipoandikwa kwamba kusiwe na chumba cha Zabron, yaani kila ukurasa uwe na mahali pa kuingilia na pa kutokea, na fundi wenu aliposikia jina lake limeandikwa kwenye karatasi za kampuni hakujua acheke au ajifiche. Alisoma ukurasa wa kwanza kabisa, unaosema programu yote inajengwa kwa ajili ya mtu mmoja, Mama B. wa Makorora, miaka sabini na moja, macho hayaoni vizuri, anaogopa kuharibu, na kwamba uamuzi wowote ukileta ubishi, aulizwe yeye. Na alisoma sheria za mzazi na watoto, moja baada ya nyingine, akafika kwenye moja akasita, Mama akamwambia endelea.

"Mtoto akiondolewa," Farhana akasoma, "mzazi achorwe upya."

Mama alimwomba arudie, akarudia. "Na anachorwa na nani?"

"Hapo hakuandika, Mama."

Zabron anajua kwamba ile ni sheria ya kurasa za simu, Farhana alimfafanulia mara mbili, ukitoa kipande kimoja lazima kilichokibeba kipangwe tena, la sivyo kinabaki na pengo. Anajua. Lakini amechanganyikiwa tangu Alhamisi, na hata hivi anavyosoma hajui dada yake alipoandika vile alikuwa anaandika habari ya nini.

Mwishoni Mama akataka kumwona wa tatu, huyo ambaye hajakamilika. Farhana akamfungulia kwenye simu, akamwekea mkononi. Ulikuwa ukurasa mweupe, hauna picha wala rangi, kwa kuwa Nasta hakuwahi kuuchora wote, ndio ukurasa unaomtokea mtu akibonyeza mahali pasipo penyewe, na ulikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kurudi na juu yake maneno matatu, Hujaharibu kitu, Mama. Farhana akaeleza kwamba ofisini walimwambia neno la mwisho liondolewe, kwa sababu watumiaji wengine si mama, Nasta akakubali, akaahidi ataliondoa, na hakuliondoa.

Mama aliyasoma mwenyewe, bila miwani, kwa kuwa herufi zilikuwa kubwa kwa makusudi. Akakibonyeza kitufe kwa kidole gumba, na safari hii hakuurudisha mkono. Kisha ndipo alipolia.

Zabron alikwisha chukua kalamu kuufuta mstari wa kumi na moja. Alimwambia Mama karatasi zote zitachapishwa upya, Baba mdogo atagharamia, watu wasije wakatucheka. Mama akamwangalia.

"Andika saba," akasema. "Na huyo wa tatu muandike yuko kwa Farhana."

Kwa hiyo mstari umebaki, na familia inausoma kama ulivyo. Marehemu Anastazia Ernesti ameacha mzazi mmoja, mdogo mmoja, na watoto saba, wawili wako Pangani, wawili Nguvumali, wawili Makorora, na wa tatu analelewa na Farhana, hajakamilika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa waliomhudumia tangu Novemba hadi saa yake ya mwisho, muuguzi Ritha wa Pangani, ambaye Baba mdogo Noa ameomba afikishiwe samahani yake hadharani, Mzee Burhanuddin aliyefunga duka na ofisi siku nne na kuleta jeneza hili, wafanyakazi wenzake, hasa Farhana, ambaye kuanzia juzi ana kanga zake mbili nyumbani kwetu, majirani wa Makorora waliopika, wakiwemo waliopika ule uji, ambao haukumwagwa, ulinyweka. Zabron naye anawatangazia kwamba Jumatatu, Mungu akipenda, ataanza kukitobolea mlango chumba cha tatu, na safari hii atachora kwanza.

Dada Nasta, daftari lako limesomwa, na tulipokosa kuelewa tutauliza tena. Lala salama, pumzika kwa amani tele, hujaharibu kitu.